Mirambo na Njia ya Ujiji

Treni ya Kigoma ikishaondoka Tabora hupita Usoke, kisha Urambo, kisha Kaliua, na abiria wengi kipande hiki hukipita wakiwa wamesinzia. Dirishani kuna miyombo, mashamba ya tumbaku, mabani ya kukaushia, na mbuga zinazojaa maji masika. Hakuna ngome inayoonekana. Lakini karibu miaka mia na hamsini iliyopita habari za nchi hii zilisomwa London na Brussels, na Sultani wa Zanzibar alizisubiri kwa wasiwasi, kwa sababu ya mtu mmoja aliyerithi utemi ambao mpagazi asiye na mzigo angeweza kuuvuka kwa muda mfupi tu. Jina la Urambo lenyewe limetokana na jina lake.

Kumwelewa Mirambo lazima uanze na njia aliyoikalia.

Chumvi, chuma na pembe

Unyamwezi haukuwahi kuwa dola moja. Palikuwa na temi nyingi, kubwa na ndogo, kila moja na mtemi wake, mwenye kuvaa kibangwa, lile duara la gamba la konokono wa baharini, na kukaa katika ikulu yake. (Neno ikulu, tunalolitumia leo kwa makao ya rais, lilitoka huku.) Watu walilima mtama na uwele, wakarina asali, wakabadilishana majembe ya chuma na chumvi ya Uvinza. Kutoka kwenye biashara hiyo ya majirani ndipo safari za mbali zilipozaliwa. Kabla ya wageni kufika bara, Wanyamwezi wenyewe walikuwa wakishuka hadi pwani na pembe za ndovu mabegani, wakirudi na nguo na ushanga. Kijana aliyekwisha kuiona bahari alirudi kwao na heshima nyingine kabisa.

Bei ya pembe ilipozidi kupanda katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wakapanda njia hiyo hiyo kuzifuata zilikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 walikuwa wamejenga makazi Kazeh, mahali ambapo baadaye pakajulikana kama Tabora, ndani ya utemi wa Unyanyembe. Mtemi Fundikira aliwapokea. Binti yake, Karunde, aliolewa na Muhammad bin Juma, baba wa yule mfanyabiashara wa pembe tunayemjua kwa jina la Tippu Tip. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh mwezi Novemba 1857 waliwakuta Waarabu wamekwisha tulia, wana bustani, nyumba za tembe zenye baraza, na maghala.

Tabora ilikuwa njia panda. Kusini-magharibi na magharibi kulikuwa na Ziwa Tanganyika na bandari ya Ujiji, na ng'ambo yake Manyema yenye pembe nyingi. Kaskazini kulikuwa na Karagwe na Buganda. Mashariki, Bagamoyo na bahari. Kila msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulimlipa hongo. Neno hili limeharibika siku hizi. Wakati ule halikuwa na aibu yoyote. Lilikuwa ushuru wa njia, haki ya mwenye nchi, likilipwa hadharani kwa nguo za merikani na kaniki, baruti na bunduki baada ya maneno marefu ya kupatana. Utawala wa mtemi yeyote wa zama hizo uliegemea swali moja: nani analipa hongo, na nani anaipokea?

Funzo la Mnywa Sele

Swali hilo lilimwua Mnywa Sele. Alirithi utemi wa Unyanyembe baada ya Fundikira, mwishoni mwa miaka ya 1850, na hakuchelewa kuwadai Waarabu wa Tabora ushuru wa bidhaa zao. Wao walikuwa wamezoea kuishi pale kama wageni wasiolipa. Wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa, mtu wa ukoo ule ule wa utawala aliyekuwa tayari kuwa rafiki yao. Mnywa Sele akaingia porini akapigana miaka kadhaa, akizunguka, akikata njia, akipata wafuasi na kuwapoteza. Mwaka 1865 alikamatwa na kukatwa kichwa.

Nadhani hapa ndipo historia ya Mirambo inapoanzia, ingawa yeye alikuwa bado kijana wa utemi wa jirani. Watemi wote wa magharibi waliyaona mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, kwamba wafanyabiashara wameshaanza kuweka na kuondoa watemi. Pili, kwamba mtemi mwenye haki lakini asiye na jeshi la kudumu atakufa na haki yake mkononi.

Mwana wa Kasanda

Alizaliwa karibu na mwaka 1840, akaitwa Mtyela, mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa. Ulikuwa utemi mdogo magharibi mwa Tabora, wa aina ambayo wasafiri waliitaja kwa mstari mmoja tu, wengine wasiitaje kabisa.

Utoto wake uliangukia wakati mbaya. Wangoni waliovuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba walikuwa wamesambaratika baada ya kifo cha kiongozi wao huko Ufipa, na kundi moja, Watuta, likapanda kaskazini hadi kuingia Unyamwezi katika miaka ya 1850. Walipigana kwa namna ambayo haikujulikana hapa: vikosi vya vijana wa rika moja, mikuki mifupi ya kukaribiana, mashambulizi ya alfajiri, na mateka wa kiume kuingizwa jeshini badala ya kuuzwa wote. Inasimuliwa kwamba Mtyela mwenyewe aliwahi kuishi kwao akiwa mateka. Iwe alikaa nao au aliwaona tu wakipita, matendo yake ya baadaye yanaonyesha kwamba aliwasoma vizuri kuliko mtemi mwingine yeyote.

Alitawazwa Uyowa akiwa bado kijana, mwishoni mwa miaka ya 1850 au hapo hapo karibu. Miaka kumi iliyofuata aliitumia kimya kimya kwa majirani. Ulyankulu ukaunganishwa na Uyowa, na huko akajenga boma lake, Iselamagazi. Temi ndogo ziliingia mkononi mwake moja baada ya nyingine, nyingine kwa vita, nyingine kwa kumwondoa mtemi na kumweka ndugu wa mtemi yule yule aliye tayari kumtii. Ndivyo Waarabu walivyofanya kwa Mnywa Sele, na sasa mwana wa Uyowa alikuwa akiitumia mbinu hiyo dhidi ya rafiki zao. Katika miaka hiyo akaacha kuitwa Mtyela. Mirambo maana yake ni maiti nyingi.

Silaha yake kubwa walikuwa rugaruga. Walikuwa vijana wasio na mke wala shamba, waliotoka kila mahali: watoro wa misafara, mateka, watumwa waliokimbia, watoto wa temi zilizovunjwa. Waliowaona waliandika juu ya mashuka mekundu, manyoya kichwani, vikuku vya shaba, na wengine mikufu ya meno ya binadamu. Mavazi hayo yalikuwa sehemu ya vita: yalikimbiza kijiji kabla risasi haijalia. Mirambo mwenyewe baadaye alimweleza Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, kwa nini aliwapenda vijana kuliko watu wazima. Macho yao ni makali na miili yao myepesi, na mtu mwenye mke na watoto huwawaza wakati wa kushambulia. Watu wazima aliwaacha walinde maboma.

Lazima tuseme wazi pia gharama yake. Wakulima wa nchi hii waliacha kukaa kwa kutawanyika, wakajibana ndani ya maboma ya miti, na mashamba ya mbali yakarudi kuwa pori. Wanawake na watoto waliotekwa hawakuwa na wa kuwaandika. Shujaa wa njia alikuwa pia mchomaji wa vijiji vya Wanyamwezi wenzake, na historia inayoficha hilo haiwatendei haki babu zetu waliokimbia na mbegu za mtama kwenye vibuyu.

Agosti 1871

Katikati ya mwaka 1871 Mirambo alifunga njia ya Ujiji.

Stanley, aliyekuwa akimtafuta mmisionari na msafiri Livingstone, alifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwezi Juni, akaikuta habari hiyo motomoto. Aliambiwa kwamba msafara mmoja wa Waarabu ulitozwa mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo, ukalipa, kisha Mirambo akawaambia warudi walikotoka, na kwamba kuanzia siku ile hakuna msafara wa Mwarabu utakaopita nchini mwake akiwa hai. Chokochoko zilikuwa nyingi: madeni, watoro waliopewa hifadhi, urafiki wa Waarabu na Mkasiwa. Kiini kilikuwa hongo, na haki ya kuidai. Tabora ilikuwa imekataa kumtambua Mirambo kuwa mwenye nchi, naye akaionyesha kwa vitendo kwamba Ujiji haifikiki bila yeye.

Waarabu waliitana, wakahesabu bunduki zao, wakajiona wengi. Mapema Agosti jeshi la watu zaidi ya elfu mbili lilitoka, Stanley na bendera yake ya Marekani wakiwamo. Zimbizo, boma la kwanza, likatekwa haraka. Saud, kijana wa Mwarabu Said bin Majid, akachukua mamia kadhaa ya watu akaenda kuteka Ulyankulu, na akafanikiwa. Wakageuka kurudi wamebeba pembe, nguo na mateka, kila mtu na mzigo wake, bunduki zikiwa mabegani.

Mirambo alikuwa amelala kwenye nyasi ndefu kandokando ya njia.

Aliwaacha waingie katikati, kisha rugaruga wakainuka pande zote mbili. Saud aliuawa pamoja na Waarabu waliokuwa naye. Habari zilipofika Zimbizo usiku, jeshi kubwa halikungoja kuona adui. Kila mmoja alikimbia Tabora kwa njia yake, wagonjwa na majeruhi wakaachwa. Stanley, akiwa na homa, alikimbia pamoja nao. Alikuja kuandika maneno makali juu ya washirika wake, lakini yeye pia hakubaki.

Tarehe 22 Agosti Mirambo akaja Tabora kwenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu mashuhuri wa mji, alitoka kumkabili na watumwa wake wenye bunduki pamoja na vijana aliowalea. Vita vilipopamba moto wale watumwa walimwacha. Aliuawa uwanjani na vijana wake wakafa pamoja naye. Kutoka Kwihara Stanley aliuona moshi ukipanda, na akaandika kwamba karibu robo ya mji iliteketea. Mirambo aliondoka na pembe na ng'ombe. Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe yake akangoja shambulio, lakini halikuja. Mwezi uliofuata akashika njia ya mzunguko kusini kuikwepa nchi ya Mirambo, na ndivyo alivyofika Ujiji na kumkuta Livingstone mwezi Novemba. Kupeana mikono kule kunakosimuliwa dunia nzima kulicheleweshwa na mtemi wa Uyowa.

Waliochoka

Miaka minne iliyofuata naipita upesi, kwa kuwa ilijirudia yenyewe. Livingstone, aliyekaa Kwihara hadi Agosti 1872 akingojea wapagazi, aliandika kila mara habari za mapambano yasiyoisha. Sultani Barghash wa Zanzibar alituma kikosi kutoka pwani. Kilikaa Tabora, kikala akiba ya mji, kikashindwa kumaliza kazi. Waarabu wenyewe waligawanyika. Wapo waliotaka vita hadi mwisho, na wapo walioona kwamba pembe zinazooza Manyema zinawagharimu kuliko hongo yoyote.

Mirambo naye alikuwa na kidonda chake. Baruti yote ilitoka pwani, na njia ya kwenda pwani ilianzia Tabora. Alikuwa na uwezo wa kuizuia Tabora isifike ziwani. Hakuwa na uwezo wa kufika baharini bila Tabora. Kila upande ulikuwa umeshika shingo ya mwenzake. Kufikia mwaka 1876 walipatana, na misafara ikaanza tena kupita, ikilipa.

Mwaka huo huo, tarehe 22 Aprili, Stanley alikutana naye uso kwa uso huko Serombo. Alitegemea kumwona jambazi. Akaja mtu mrefu, mkakamavu, wa umri usiozidi miaka arobaini, mpole wa sauti, amevaa kanzu, kilemba na viatu vya Kiarabu, na upanga wake ukichukuliwa nyuma yake. Wakachanjana miguuni, damu ya mmoja ikapakwa kwa mwenzake, wakawa ndugu. Miaka mitano nyuma walikuwa wakitafutana kwa bunduki. Stanley alikuwa ameshamfananisha na Bonaparte, na jina hilo likasambaa Ulaya.

Urambo

Baada ya 1876 Mirambo alijaribu jambo gumu kuliko vita: kuifanya nchi yake kituo chenyewe, ili mfanyabiashara wa pwani aje Urambo bila kuomba ruhusa ya Tabora. Alimkaribisha Philippe Broyon, mfanyabiashara wa Kiswisi. Alimwandikia John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, kwa mikono ya wageni waliokuwa kwake. Mwaka 1879 akampa Daktari Ebenezer Southon wa misheni ya London kiwanja cha kujenga na kutibu, na Southon akawa rafiki yake wa kweli na mwandishi wa barua zake. Mtemi alitaka mambo mawili kutoka kwa Wazungu: bidhaa bila dalali, na kutambuliwa na Zanzibar kuwa mtawala.

Wakati huo rugaruga wake walifika mbali. Uvinza na chumvi yake vilikuwa mkononi, hivyo njia ya Ujiji ilikuwa yake karibu yote. Kaskazini alisukuma kuelekea njia ya Karagwe, na alikuwa na mawasiliano na Kabaka Mutesa wa Buganda. Tippu Tip, akitoka Manyema na shehena kubwa ya pembe mwaka 1882, aliona heri kupatana naye kuliko kupigana.

Lakini kabla ya hapo mambo yalikuwa yamekwisha haribika. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa ameleta ndovu wanne waliofugwa India ili kujaribu kubeba mizigo bara, na mkuu wa safari hiyo alikuwa Carter. Ndovu walikufa. Katikati ya 1880 Carter na mwenzake Cadenhead walikuwa Mpimbwe walipokutwa na shambulio la jeshi la Mirambo, wakauawa wote wawili. Mirambo alieleza kwamba hakukusudia, na hakuna sababu ya kuamini alikusudia: hakuwa na faida yoyote katika vifo vile, na hasara ilikuwa yake peke yake. Kirk alimgeuzia mgongo. Zanzibar ikapata hoja iliyokuwa ikiitafuta. Mwaka 1882 Southon naye akafa, baada ya risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya kumjeruhi mkono. Barua za Urambo zikakosa mwandishi.

Desemba 1884

Ugonjwa wa koo ulimpata, na tarehe 2 Desemba 1884 Mirambo akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka kama arobaini na minne. Alizikwa Ikonongo, Urambo. Mwezi huo huo alifariki Nyungu ya Mawe, mtawala mwingine mkubwa wa zama zile, aliyetoka katika ukoo wa utawala wa Unyanyembe akajijengea dola kusini, katika nchi ya Wakimbu.

Kuwaweka hawa wawili pamoja kunaeleza mengi. Nyungu alikuwa mkali sawasawa na Mirambo na rugaruga wake waliogopwa vile vile. Lakini kila nchi aliyoiteka aliiwekea mtwale, mtu wake mwenyewe, mwenye eneo maalumu na kazi ya kukusanya pembe na kuzipeleka makao makuu. Alipokufa, dola haikutikisika. Mgalula, mwanamke, akakalia kiti, na dola ile ilikuwa bado imesimama Wajerumani walipoichukua mwaka 1895. Mirambo aliwaacha watemi wa zamani au ndugu zao katika viti vyao, wakimtii yeye binafsi. Aliporudi udongoni, utii ule ukaenda naye. Mpandashalo, aliyemfuata, alikuwa mtu wa vita, lakini temi zilianza kujitoa moja moja, na yeye mwenyewe akauawa vitani mwaka 1890.

Kwa hiyo sikubaliani na Stanley. Bonaparte alikuta Ufaransa iko tayari, ina jeshi, hazina na makarani. Anayefanana na Mirambo ni William, mtawala wa Normandy, aliyerithi nchi yenye fujo mwaka 1035 akiwa mtoto wa miaka saba au minane, akakua akiwaona walezi wake wakiuawa, akawashinda mabwana waasi mwaka 1047, na mwaka 1066 akavuka bahari kuitwaa Uingereza. Ujana wao ulikuwa mmoja. Tofauti iko mwishoni. William alijaza nchi ngome na watu wake mwenyewe, na mwaka 1086 kila shamba na kila ng'ombe vikaandikwa kwa amri yake. Alikufa mwaka uliofuata, wanawe wakagombana, lakini dola ikabaki kwa kuwa ilikuwa imekwisha kaa katika vitabu na kuta. Mirambo hakupewa muda huo. Alipofariki, wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikuwa wameketi Berlin katika mkutano ulioanza katikati ya Novemba, wakijadili Afrika.

Wajerumani walipofika, aliyebaki kuwakabili Unyamwezi alikuwa Isike wa Unyanyembe, mrithi wa Mkasiwa aliyekuwa adui wa Mirambo. Januari 1893, jeshi la Tom von Prince lilipoingia ngomeni mwake, Isike aliwasha ghala la baruti. Urambo na Unyanyembe hazikupata kusimama upande mmoja hata mara moja.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mpagazi wa pembe akawa hana kazi. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walikata pori la Urambo kwa mpango wao wa karanga, ukashindwa, na tumbaku ikashika ardhi. Kambi ya jeshi Tabora inaitwa Mirambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 J. B. Kabeya alichapisha kwa Kiswahili kitabu juu ya mtemi huyu, na hicho ni kianzio kizuri kwa anayetaka zaidi.

Walimu wa Usoke, Urambo na Ulyankulu, wapo bado wazee wanaoyajua majina ya maboma ya zamani na visima vya misafara, majina ambayo hayapo kwenye ramani yoyote. Wapelekeni wanafunzi na madaftari kwao mwaka huu. Nawe msafiri wa Kigoma, siku moja shuka Urambo uulize njia ya Ikonongo. Kaburi liko huko.